Neno 'safari' ni letu; mbona safari zenyewe tumewaachia wageni?

Hapana neno la Kiswahili lililokwenda mbali kuliko neno 'safari'. Limo katika kamusi za Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na lugha nyingine nyingi, na kila lilikofika limebeba picha ile ile moja: mgeni aliyeketi ndani ya gari lililofunuliwa paa, darubini shingoni, akimtazama simba aliyelala kivulini. Mkenya wa kawaida anaposema 'nina safari', maana yake ni nyingine kabisa. Aghalabu anakwenda kuzika, kuposa, kutibiwa, kufuatilia kesi ya shamba au kumpeleka mtoto shuleni. Safari ya kwenda kuona tu, ili mtu aijue nchi na watu wake, tumewaachia wenzetu wa mbali. Neno tumelitoa, na jambo lenyewe tumelitoa pamoja nalo.

Katika miaka ya hivi karibuni pamezuka mtindo miongoni mwa Wakenya wenye mishahara ya kuridhisha. Mume na mke huweka akiba kwa miaka miwili mitatu, huomba viza, wakaenda Ulaya kupumzika. Huzuru miji mikuu kwa siku chache, wakapiga picha mbele ya minara na makanisa, kisha walio hodari zaidi hukodi lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, wakazunguka mashambani wakilala humo humo. Kiswahili bado hakijaafikiana juu ya jina la gari hilo; mimi nitaliita gari-nyumba.

Siwalaumu hata kidogo. Wahenga walisema tembea uone, wala hawakutuwekea mpaka. Isitoshe, jambo lenyewe si geni kwetu. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha Kiswahili Berlin kati ya 1891 na 1895, akaandika aliyoyaona. Salim bin Abakari, Mngazija, alifika Urusi hadi Siberia mnamo 1896, na masimulizi yake yakachapishwa katika mkusanyiko wa C. Velten uliotoka 1901. Mwaka 1902 Apolo Kagwa na karani wake Ham Mukasa walitoka Buganda wakaenda London kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, na safari hiyo nayo ikazaa kitabu. Watu hao walikwenda na macho yao, wakauliza, wakalinganisha, wakaandika. Swali langu kwa wasafiri wa leo ni moja: mkirudi mnatuletea nini zaidi ya picha?

Nauliza kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kuifanya safari hiyo. Nilialikwa Bayreuth, Ujerumani, kwenye lile kongamano la Kiswahili linalofanyika huko kila mwaka. Mke wangu akanifuata kwa gharama yetu wenyewe, na kongamano lilipokwisha tukapanda gari-moshi hadi Berlin. Tulikaa siku nne. Tuliliona Lango la Brandenburg, tukapanda kuba la kioo la Bunge, tukaingia katika jumba la makumbusho ya viumbe. Ndani ya ukumbi wa jumba hilo umesimamishwa mfupa juu ya mfupa wa mnyama wa kale, dinosaria mwenye urefu wa mita 13 na zaidi kutoka sakafuni hadi utosini. Kibao kilisema alichimbuliwa Tendaguru, karibu na Lindi, Tanganyika ya Wajerumani, kati ya 1909 na 1913. Mke wangu alicheka, akasema: "Baba Achieng', tumelipa nauli yote hii kuja kumtazama jirani." Nilicheka nami, lakini neno hilo halijanitoka.

Baada ya Berlin tulikodi gari-nyumba, tukateremka hadi bonde la mto Rhine. Kipande cha mto huo chenye urefu wa kilomita 65, kati ya Bingen na Koblenz, kiliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2002. Ni bonde zuri, lenye mashamba ya mizabibu yaliyoning'inia milimani na magofu ya ngome za kale kila pembe. Hata hivyo, nilichokisoma kwa makini zaidi ni mpango uliomwezesha mgeni asiyejua njia kulala salama, akaamka, akanunua mkate, akaendelea na safari.

Watu wengi hudhani kwamba siri ya starehe hiyo ni gari lenyewe. La hasha. Gari-nyumba bila mpango wa umma ni sanduku tu la bati. Katika miji midogo kando ya mto ule, baraza la mji limetenga kiwanja cha magari ya aina hiyo. Pana mfereji wa maji safi unaofunguka kwa sarafu, shimo la kumwagia maji machafu, umeme, na kibao kinachoeleza ada ni kiasi gani na saa ya kutulia ni ipi. Barabarani vibao vya rangi ya kahawia humwambia msafiri kwamba mbele yake kuna ngome fulani au kanisa fulani. Kijitabu cha mahali hupatikana kwa Kijerumani kwanza, na baada ya hapo kwa lugha za wageni. Asubuhi tuliwakuta wazee wa Kijerumani, waume na wake zao waliostaafu, wakizuru nchi yao wenyewe. Hao walikuwa wengi kuliko sisi wageni. Hapo ndipo nilipopata jibu la kuleta nyumbani: utalii wa Ulaya umejengwa juu ya mgongo wa wenyeji wanaotembelea kwao.

Mwaka uliofuata mimi na mke wangu tuliamua kuijaribu safari kama hiyo katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo sisi wenye umri mkubwa tulizijua zikiwa wilaya moja ya Nyanza Kusini kabla ya kugawanywa. Gari-nyumba hatuna. Tuliazima pikapu yenye turubai, tukaweka godoro, jiko la gesi, mtungi wa maji na taa. Kutoka Kisii tulipitia Rongo na Awendo, penye mashamba ya miwa, hadi mjini Migori, ambako Kiswahili cha sokoni kimenolewa na ujirani wa mpaka wa Isebania. Kwa mwanaisimu, mji huo peke yake ni darasa. Katika safu moja ya vibanda nilisikia Kijaluo, Kikuria, Kisomali na Kiswahili cha namna mbili, cha kwetu na cha Tanzania, na kila muuzaji akijua lini atumie kipi.

Kiasi cha kilomita 45 kaskazini-magharibi mwa mji huo ndipo ilipo Thimlich Ohinga. Kwa Kijaluo, 'thim' ni msitu, 'lich' ni cha kutisha, na 'ohinga' ni ngome au boma. Ni kuta za mawe matupu, zilizopangwa bila udongo wala saruji, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5 na unene wa wastani wa mita moja. Inakisiwa zilijengwa katika karne ya 16. Maboma makubwa ni manne, na lililo kuu huitwa Kochieng'. Milango yake ni mifupi hata mtu hulazimika kuinama, na adui aliyeinama si adui wa kuogopwa. Zaidi ya hayo, kuta hizi zilikaliwa kwa zamu na watu wa lugha mbalimbali, Wabantu na Waniloti, na kila waliokuja walizikarabati za waliowatangulia badala ya kuzibomoa. Nani atasema hilo si somo kwa taifa letu, ambalo kila uchaguzi mkuu hulitikisa kwa jina la kabila?

Mnamo 2018, katika kikao kilichofanyika Manama, Bahrain, UNESCO iliitia Thimlich Ohinga katika orodha ile ile ya Urithi wa Dunia yenye bonde la Rhine. Kwa karatasi, basi, Rhine na Thimlich ni ndugu. Lakini msomaji ajaribu kwenda! Mara tatu tulisimama njiani kuuliza. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyezaliwa mwendo wa saa moja kutoka pale, alituambia amelisikia jina hilo redioni tu. Tulipofika, aliyetutembeza alikuwa mtu mwenye maarifa mengi na maneno matamu, akitueleza kwa Kijaluo mahali palipokuwa zizi, mahali pa kufulia chuma na mahali pa kuchezea bao. Nilipomwuliza kama kuna kijitabu cha Kijaluo au cha Kiswahili ninachoweza kununua, alitabasamu tu. Maarifa yale yote yamo kichwani mwake na vichwani mwa wazee wachache wa vijiji vya karibu. Ukuta wa mawe ukianguka, fundi anaweza kuupanga tena. Mzee akianguka, je?

Kutoka hapo tuliingia Homa Bay. Katika bonde la Lambwe ipo Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita 120 za mraba, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1983. Ndiyo mbuga pekee nchini Kenya ambamo swala mkubwa aitwaye korongo amesalia porini, na waliosalia ni wachache mno. Katika rasi ya Homa, mahali paitwapo Nyayanga, wataalamu walichimbua zana za mawe zinazokadiriwa kuwa na umri wa karibu miaka milioni 2.9, habari iliyotangazwa 2023. Kisiwani Rusinga, Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Kisiwa hicho hicho ndicho alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38, na ambaye mpango wake wa kuwapeleka vijana masomoni Marekani ulibadilisha sura ya wasomi wa nchi hii. Niambie, ndugu msomaji, ni wilaya gani ya Ulaya ambayo ingekuwa na hazina kama hiyo ikakosa kibao cha kuielekeza?

Karibu na Kendu Bay lipo ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo heroe hulijia kwa maelfu. Jina lake lina maana ya kijiji kilichozama. Wenyeji husimulia kwamba zamani ajuza mmoja alifika kijijini usiku, mnyonge, akaomba chakula na mahali pa kulala. Watu walikuwa katika ngoma na pombe, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Ajuza akamwonya aondoke na watu wake. Mvua ikanyesha, ardhi ikadidimia, kijiji kikawa ziwa. Wanajiolojia wanasema ni shimo la volkeno, nami siwapingi. Lakini hadithi hiyo, kwa maoni yangu, ni sheria ya utalii ya watu wa ziwani, iliyotungwa karne nyingi kabla ya wizara yoyote kuundwa: ole wao wanaomfukuza msafiri usiku.

Kwa bahati mbaya sheria hiyo imesahauliwa. Katika mji mmoja wa kando ya ziwa, ambao sitautaja, tuliomba kuegesha pikapu yetu katika uwanja wenye ua na mlinzi, kwa malipo. Tuliambiwa kwamba watu wenye adabu zao hulala hotelini, na kwamba mume na mke wanaolala garini lazima wana jambo wanaloficha. Saa tatu ya usiku tukaondoka. Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza omena, aliyetupa nafasi uani kwake, akatuonyesha choo, na asubuhi akakataa malipo hata tukamlazimisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mama yule alistahili kupona kwa fedha halali, zilizopangiwa utaratibu, wala si kwa zawadi ya kubembelezwa.

Tulimalizia kisiwani Mfangano, kwa mashua kutoka Mbita. Huko Mawanga na Kwitone kuna michoro ya miambani ya miviringo iliyo mmoja ndani ya mwingine, myekundu na myeupe, ambayo watafiti huinasibisha na wawindaji wa kale wa jamii ya Watwa. Pia lipo jumba la makumbusho la jamii ya Abasuba. Lakini urithi ulionisumbua zaidi kule hauchorwi mwambani. Ni lugha ya Kisuba. Mnamo 1992 Franz Rottland na marehemu Okoth Okombo, mmoja wa wanaisimu wakubwa kupata kutokea Kenya, walichapisha makala juu ya jinsi Wasuba walivyokuwa wakihamia Kijaluo kizazi hata kizazi. Tuliyoyasikia kisiwani yanaafikiana nao. Wazee waliongea Kisuba wao kwa wao, wakawageukia wajukuu kwa Kijaluo, na wajukuu wakatujibu sisi kwa Kiingereza. Lugha haifi kwa kupigwa marufuku peke yake. Hufa pia pale ambapo hapana mtu anayefika na kuiulizia, na wenyewe wakaona haina thamani sokoni wala shuleni.

Najua nitapingwa. Wa kwanza atasema kwamba kutembea ni anasa, na kwamba watu wa Ndhiwa na Nyatike wanahitaji maji na dawa kabla ya watalii. Nakubali kwamba wanahitaji maji na dawa. Lakini mfereji, choo na barabara anavyovihitaji msafiri ndivyo vile vile anavyovihitaji mwenyeji, na ada ya msafiri inaweza kusaidia kuvitunza. Wa pili atanitajia mbung'o wa Lambwe, kichocho cha ziwani na barabara zinazogeuka matope. Yote ni kweli, na msafiri ajihadhari. Wa tatu ataniambia kwamba chema chajiuza. Methali hiyo naiheshimu, ila ilitungwa sokoni, ambako mnunuzi amekwisha kufika. Kitu chema kilichofichika nyuma ya kilomita 45 za njia isiyo na kibao hakina wa kukinunua.

Tena tusidanganyane kuhusu gharama. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya nchi za Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa viza hurudishiwi. Mume na mke, basi, huweka mezani euro 180 kabla ya kununua tikiti, bila ya hakika kwamba mlango utafunguliwa. Mlango wa Migori uko wazi mwaka mzima, na hakuna balozi wa kukuuliza akiba yako benki ni kiasi gani.

Nayasema haya kwa serikali za kaunti zote mbili, kwa Makavazi ya Kitaifa na kwa vyuo vikuu. Kwanza, kila mji mdogo ulio karibu na eneo la urithi utengewe kiwanja kimoja cha kulaza magari na mahema, chenye maji, choo na taa, kiendeshwe na chama cha akina mama wa mahali pale, na ada ibaki kwao. Pili, vibao viwekwe barabarani, vyenye Kiswahili na lugha ya wenyeji, na masafa yaandikwe. Tatu, maelezo ya Thimlich, Simbi, Ruma, Rusinga na Mfangano yachapishwe katika vijitabu vya bei ndogo kwa Kiswahili, Kijaluo na Kisuba. Vyuo vikuu viwili viko karibu, kimoja Rongo na kingine mjini Homa Bay chenye jina la Mboya. Wanafunzi wao wa lugha na historia wapewe vinasa sauti, wakawasikilize wazee hao kabla hawajatuaga. Nne, shule za Nyanza ambazo kila muhula hukodi basi kwenda Nairobi kutazama uwanja wa ndege ziwapeleke watoto Thimlich kwanza.

Pendekezo hili la mwisho lina hoja ya kilugha nyuma yake. Maneno 'mtaala' na 'utalii' ni ya ukoo mmoja. Yote mawili yametokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu kusoma na kuchunguza kwa makini, na katika Kiswahili cha zamani 'kutalii' kulikuwa ni kusoma na kudurusu. Mtalii, kwa asili ya neno, ni mwanafunzi. Ni sisi tuliomvua daftari tukamvisha kofia ya jua na kumkabidhi kwa wageni wenye dola.

Kwa hiyo anayekwenda Ulaya na aende kwa heri, na akifika asisahau kutazama mifereji na vibao kama anavyotazama minara. Lakini kabla ya kujaza fomu ya viza, ajiulize kama anaweza kumweleza mwenyeji wake wa Berlin au Paris kuta za Thimlich zina kimo gani, nani aliyelala Rusinga, na Kisuba kimebakiwa na wasemaji wa rika gani. Ikiwa hawezi, anayo safari nyingine ya kutangulia, na hiyo haihitaji pasipoti. Usiache mbachao kwa msala upitao.